Mgonjwa Atembee Wapi? Hotuba Kuhusu Njia Nyepesi ya Matembezi Katika Bustani za Jiji

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa serikali za mitaa, watumishi wenzangu wa afya, wataalamu wa mipango miji, mabibi na mabwana. Wazee wetu, shikamooni.

Nimeombwa niseme juu ya njia nyepesi za matembezi katika bustani za Jiji letu la Dar es Salaam, na naomba nianze kwa kueleza ninachokusudia ninaposema njia nyepesi. Nakusudia njia fupi, ya kilomita moja au pungufu, inayozunguka na kumrudisha mtembeaji pale alipoanzia. Iliyo tambarare, au yenye mwinuko mdogo usiomtesa mwenye magoti mabovu. Yenye sakafu imara isiyoteleza. Yenye kivuli kwa sehemu yake kubwa. Na yenye mahali pa kukaa ambapo mtu hupafikia kabla hajaishiwa nguvu. Njia ya namna hiyo haimtaki mtu awe na viatu vya michezo wala pumzi za mkimbiaji. Inamtaka awe na nia ya kutoka nyumbani tu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwasaidia watu wasimame tena kwa miguu yao: aliyepata kiharusi, aliyevunjika nyonga, mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi, mzee aliyeanguka mara moja na tangu siku hiyo anaogopa hata kuvuka kizingiti cha mlango wake. Wote hao, siku wanaporuhusiwa kurudi nyumbani, hupewa dawa, hupewa tarehe ya kliniki, na huagizwa jambo ambalo sisi watumishi wa afya tumezoea kulitamka kana kwamba halina gharama yoyote: tembea. Tembea kila siku, baba. Tembea taratibu, mama, usikae kitako kutwa nzima. Agizo hilo ni sahihi kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na matembezi ya mwendo wa kuchangamka yanahesabika humo. Kwa waliotimiza miaka 65 linaongeza mazoezi ya kuimarisha misuli na uwezo wa mwili kujishikilia usianguke, angalau siku tatu kwa wiki. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, na kiwango cha chini kimetimia. Tunachokisahau ni kumwambia mgonjwa atembee wapi.

Mfuateni kwa mawazo mgonjwa huyo anapotoka nyumbani kwake, iwe ni Manzese, Buguruni, Sinza au Mbagala. Mtaa wake ni wa vumbi au wa matope kulingana na msimu. Akifika kwenye lami, anakuta ukingo wa barabara umeshikwa na meza za biashara na pikipiki zinazosubiri abiria, na chini yake kuna mtaro ambao mfuniko wake uliondoka siku nyingi. Penye njia ya waenda kwa miguu, mara nyingi gari limepandishwa juu yake. Bodaboda moja inampita kushoto, nyingine kulia, na bajaji inapiga honi nyuma yake. Mtu mwenye afya njema hupenya katika hali hiyo bila kufikiri, kwa sababu macho, masikio na miguu yake vinashirikiana kwa haraka. Aliyepata kiharusi hana haraka hiyo. Kila hatua anaipanga kichwani kabla ya kuipiga, mguu mmoja unaburuta ncha ya kidole gumba chini, na jiwe la ukubwa wa limau linatosha kumwangusha. Baada ya siku chache za hofu ya namna hiyo anaamua kukaa barazani, na familia yake, kwa upendo kabisa, inamwambia akae. Anaporudi kliniki tunaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati maelekezo.

Sisemi haya ili kuwalaumu wafanyabiashara wadogo, ambao wanatafuta riziki pale wapitapo watu, wala vijana wa bodaboda. Nasema kwamba Jiji lenye wakazi 5,383,728, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, haliwezi kutegemea kando za barabara kuwa mahali pekee pa mazoezi ya wagonjwa na wazee wake. Tunavyo vikundi vya jogingi, na ninaviheshimu sana. Jumamosi alfajiri, mnapovisikia vikipita kwa nyimbo na filimbi kule Temeke na Kinondoni, mnaona jinsi watu wa Jiji hili wanavyopenda mazoezi. Lakini jogingi ni ya mwenye goti zima. Coco Beach ni ya anayeweza kutembea mchangani. Daraja la Tanzanite, tangu lilipofunguliwa mwaka 2022, limetupatia pahali pazuri pa kupunga upepo, ila daraja ni refu kidogo kupita kilomita moja, jua lake halina kizuizi, na aliyeishiwa nguvu katikati hana njia ya mkato ya kurudi. Kati ya kitanda cha wodi na mbio za Jumamosi kuna pengo kubwa, na walio ndani ya pengo hilo ni wengi kuliko tunavyowaona, kwa kuwa wako ndani ya nyumba.

Sasa naomba tuitazame Bustani ya Mimea, ile iliyopo katikati ya mji, pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Makumbusho ya Taifa. Wengi wetu tumepita mbele yake tukiwahi ofisini Posta na hatujawahi kuingia. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, na Franz Stuhlmann, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa kilimo wa koloni. Haikuanzishwa kwa ajili ya mapumziko ya mtu yeyote. Ilikuwa shamba la majaribio, mahali pa kuotesha mazao ya biashara na kuona lipi litakubali udongo na hewa ya pwani yetu. Na mwaka huohuo ndipo mkonge nao ulipoingizwa nchini, ukapandwa upande wa Pangani. Kazi kubwa ya majaribio baadaye ilihamia Amani, kwenye milima ya Usambara, kituo kilipofunguliwa huko mwaka 1902. Bustani yetu ikabaki na miti yake. Leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, tunaweza kuitumia kwa jambo ambalo waanzilishi wake hawakulifikiria hata kidogo.

Nimeichagua kwa sababu za kitabibu kabla ya za historia. Eneo lake ni tambarare. Miti yake ni mikubwa, na mti mkubwa hauletwi na bajeti ya mwaka mmoja wa fedha. Kivuli cha mti wa miaka themanini mtu hukirithi tu. Iko mahali ambapo usafiri wa umma unafika, kwa hiyo mzee wa Magomeni anaweza kupanda mwendokasi hadi Posta ya Zamani akasogea taratibu hadi pale. Na ina vitu vya kutazama. Hili la mwisho msilidharau. Mgonjwa anayetembea akiwa na jambo la kutazama hufika mbali kuliko yule anayehesabu hatua zake.

Chukueni mfano wa mnazi wa Ushelisheli, ambao bustani hii ni moja ya sehemu chache duniani, nje ya visiwa vyenyewe, ambapo unaweza kuonekana. Kwa asili yake mti huu huota katika visiwa viwili tu, Praslin na Curieuse. Majani yake hufunguka mithili ya upepeo mkubwa, na mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu ya mmea mwingine wowote duniani. Iko miti dume na miti jike, na tunda huchukua miaka sita hadi saba kukomaa. Zamani, kabla mabaharia hawajavifahamu visiwa hivyo, makoko yake yaliyokuwa yakiokotwa baharini na ufukweni yaliwafanya watu waamini kwamba mti wake unaota chini ya bahari. Mpeleke mjukuu wako pale na umsimulie habari hiyo, na bila kujua utakuwa umesimama wima dakika tano, ukihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, ukinyanyua shingo kutazama juu. Hayo ni mazoezi ya kujishikilia usianguke, yaleyale ninayowapa wagonjwa wangu mbele ya kioo. Kuna mikrismasi pia, ambayo asili yake ni Madagaska na ambayo kila mwisho wa mwaka hututangazia sikukuu kwa maua yake mekundu. Kuna jakaranda, na mimea ya kale ya jamii ya saikadi, ambayo ukoo wake ulikuwepo duniani kabla ya mimea yenye maua.

Njia yenyewe itengenezwe vipi? Hapa naomba mnivumilie, kwa maana ndipo nisipopenda kupita haraka.

Katika kazi yetu tuna kipimo kimoja rahisi. Mgonjwa hutembea kwa dakika sita kwenye ukumbi ulionyooka, kwa kawaida wa mita 30, akienda na kurudi, nasi tunaandika umbali aliofikia. Tunapima pia mwendo wake. Katika utafiti wa kiharusi imezoeleka kusema kwamba anayetembea chini ya mita 0.4 kwa sekunde kwa kawaida huishia kutembea ndani ya nyumba, na anayevuka mita 0.8 kwa sekunde ndiye mwenye uwezo wa kwenda sokoni, kuvuka barabara na kurudi. Sasa fanyeni hesabu. Mita 0.4 kwa sekunde ni mita 24 kwa dakika. Benchi lililo mbele yake kwa mita 100 liko umbali wa zaidi ya dakika nne, na dakika nne za kusimama na kusogea bila mahali pa kushika ni ndefu mno kwa mtu ambaye wiki tatu zilizopita alikuwa akigeuzwa kitandani. Mchora ramani anaona mita 100 kama kitu kidogo sana. Kwa hiyo ninapoomba mabenchi yawekwe kila baada ya mita 50 katika sehemu ya kwanza ya njia, na kila mita 100 katika sehemu iliyobaki, siombi mapambo. Benchi ndilo linaloamua nani ataingia kwenye njia hiyo na nani ataishia getini.

Na benchi lenyewe lina sheria zake. Kiti kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48 kutoka chini. Kikiwa kifupi zaidi, magoti yanapanda juu ya nyonga, na mtu mwenye mapaja dhaifu anaweza kukaa lakini hawezi kunyanyuka bila kuvutwa na mtu. Kiwe na egemeo la mgongo. Kiwe na mikono pande zote mbili, kwa sababu mzee hasimami kwa miguu peke yake: hujisogeza mbele hadi kwenye ukingo wa kiti, huvuta nyayo nyuma, huinamisha kifua mbele, kisha husukuma kwa viganja. Asipopata pa kusukuma, anabaki amekaa. Mabenchi ya zege yasiyo na egemeo wala mikono hupendwa kwa kuwa hayaibiwi wala hayavunjiki, na hofu hiyo naielewa. Hata hivyo, fundi anaweza kuliweka egemeo la zege na mikono ya bomba la chuma lililozikwa ndani ya zege, na hakuna atakayeling'oa. Kando ya kila benchi iachwe nafasi ya sakafu imara yenye upana wa angalau sentimita 90, ili mwenye kitimwendo akae pamoja na wenzake, asiachwe katikati ya njia kama mzigo uliosahauliwa.

Kuhusu upana wa njia, sentimita 90 zinamtosha mwenye kitimwendo mmoja, lakini watu hawatembei mmojammoja. Mgonjwa hutembea na binti yake amemshika kiwiko. Wazee hutembea wawili wawili wakizungumza, na uwezo wa kuzungumza ndicho kipimo chetu cha mazoezi ya wastani: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo wako unafaa. Njia ya sentimita 180 inawaruhusu wenye vitimwendo wawili kupishana na inawaruhusu wazee wawili kwenda sambamba. Mwinuko wa njia usizidi mita moja kwa kila mita 20 za urefu. Ukizidi hapo, hadi kufikia mita moja kwa mita 12, hiyo ni rampu, nayo inadai vishikio na sehemu za kupumzikia. Kisha kuna mteremko wa ubavuni, ambao mafundi huuweka ili maji ya mvua yamwagike pembeni: usizidi sentimita mbili kwa kila mita moja ya upana. Ukizidi hapo, kitimwendo kinavutwa upande mmoja muda wote na mkono mmoja wa mwenye kukisukuma unafanya kazi ya mikono miwili, huku aliyepooza upande mmoja akihisi ardhi yote inamsukuma kuelekea kule kule kwenye udhaifu wake.

Sakafu isiwe mchanga mtupu wala kokoto zilizomwagwa bila kushindiliwa, kwa kuwa gurudumu na mkongojo vyote huzama humo. Changarawe laini iliyoshindiliwa vizuri inafaa na ni ya bei nafuu. Matofali ya pevingi yanafaa pia, mradi yalazwe sawasawa na yarudiwe yanapozama, kwani tofali moja lililonyanyuka sentimita mbili ni hatari kuliko ngazi nzima: ngazi mtu anaiona. Ukingo wa njia uinuliwe kidogo ili asiyeona aufuate kwa fimbo yake nyeupe.

Sasa, mizizi. Katika bustani ya miti mikubwa hili halikwepeki. Mzizi wa mti mkongwe hutafuta hewa na maji karibu na uso wa ardhi, hukutana na sakafu, nao huinyanyua taratibu mwaka hadi mwaka. Njia ya haraka, ambayo nimeiona ikitumika katika miji yetu, ni kuleta shoka, kukata mzizi, na kurudishia tofali mahali pake. Miezi inapita, mti unaanza kukauka upande ule, au upepo wa kusi unapokaza mti unaanguka, kwa sababu ulichokata kilikuwa nanga yake. Wapo watakaosema mti ni mti na utapandwa mwingine. Siwezi kukubaliana nao hata kidogo, maana bila kivuli njia yenyewe haitumiki kuanzia saa nne asubuhi. Penye mzizi, njia ndiyo ipinde. Isipowezekana, sakafu iinuliwe kwa changarawe juu ya mzizi, kwa mwinuko mrefu na wa polepole upande wa kuingilia na upande wa kutokea, ili gurudumu lipite bila kustuka na mti ubaki na mizizi yake.

Nimegusa kivuli, na Dar es Salaam kivuli ni suala la uhai. Kuanzia Desemba hadi Machi joto letu huambatana na unyevu mwingi wa hewa, jasho halikauki, na mwili unashindwa kujipoza. Wengi wa wagonjwa wenye shinikizo la damu wanatumia dawa zinazopunguza maji mwilini. Watembezeni watu hao saa sita mchana na mtawaokota. Muda unaofaa ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na nusu hadi giza linapokaribia. Hii ina maana kwamba bustani ya umma inayofunguliwa saa tatu asubuhi kwa kufuata saa za ofisi imefungwa kwa wazee, hata kama geti liko wazi mchana kutwa. Mtembeaji aje na chupa ya maji, avae viatu vilivyofungwa kisigino, na mwenye kisukari atazame nyayo zake akirudi nyumbani, kwa kuwa anaweza kuchubuka asihisi. Wakati wa masika na vuli, mashimo madogo ya maji na majani yaliyooza ndiyo adui. Majani ya mkungu, yale mapana mekundu, yakilowa juu ya pevingi huteleza vibaya. Kwa hiyo mtu wa kufagia kila asubuhi ni sehemu ya matibabu, naye alipwe kama mtu ambaye kazi yake inazuia nyonga zisivunjike.

Kuna suala la choo. Naomba mniwie radhi kwa kulitaja waziwazi, lakini wanawake wazee wengi na wanaume wenye matatizo ya tezi dume hawatoki nyumbani mahali ambapo hawana uhakika wa choo, na hawatakwambia kuwa hiyo ndiyo sababu. Kiwe safi, kiwe na mlango unaopitisha kitimwendo, na ndani yake pawe na bomba la kushikilia. Kuna pia usalama. Mama anayetembea peke yake asubuhi anataka kuona mbele yake na kuonekana. Vichaka vilivyo karibu na njia vipunguzwe, na mlinzi awe ndani ya bustani akizunguka, asikae getini tu.

Haya yote si hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kufika na kutumia mahali pa umma ni haki iliyokwisha kuandikwa. Nami naongeza kwamba njia iliyotengenezwa kwa vipimo vya mwenye kitimwendo inamfaa mama mjamzito wa miezi minane, inamfaa baba anayesukuma kigari cha mtoto, inamfaa mfanyakazi wa Posta mwenye dakika ishirini za mapumziko ya mchana. Sijawahi kukutana na mtu aliyelalamika kwamba njia ni tambarare mno.

Nageukia sasa Jangwani, eneo lililo sehemu ya chini ya Bonde la Msimbazi, na hapa nazungumza hasa na wataalamu wa mipango miji. Mnajua kwamba Mto Msimbazi, unaoanzia kwenye vilima vya Pugu na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Selander, umetufurisha mara nyingi, na kwamba mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua ndugu zetu na kuwahamisha wengine hadi Mabwepande. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi umeweka katika mipango yake bustani kubwa ya jiji katika bonde hilo la chini, na wazo hilo ni zuri: ardhi ambayo maji huirudia kila mara ni afadhali iwe ya nyasi na miti kuliko iwe ya vyumba vya kulala. Iko jirani na Kariakoo, Magomeni na Upanga, maeneo yenye watu wengi na maeneo ya wazi machache, na hata hayo machache yamekuwa yakivamiwa.

Ombi langu ni kwamba njia nyepesi iingie katika mchoro wa bustani hiyo tangu mwanzo, kwa vipimo nilivyovitaja, na iandikwe kwenye nyaraka za zabuni kabla mkandarasi hajapatikana. Uzoefu unaonyesha kwamba kisichoandikwa kwenye zabuni hakijengwi, na kinachoongezwa baadaye hujengwa vibaya. Udongo wa bondeni si kama wa Bustani ya Mimea. Una mfinyanzi unaoshika maji, hivyo njia italazimika kuinuliwa juu ya tuta lenye makalavati ya kupitishia maji chini yake, na sakafu yake iwe ya kustahimili kufunikwa na tope na kuoshwa. Miti ipandwe mapema, hata kabla ya majengo, kwa kuwa miti ndiyo itakayochelewa kuliko kitu kingine chochote. Na wakati tukisubiri ikue, paezekwe vibanda vya kivuli juu ya mabenchi. Mnapochagua wa kutoa maoni juu ya mchoro, msiwaite wenye magari peke yao. Waiteni wazee wa Magomeni Mapipa, na waiteni vijana wenye ulemavu wanaofanya biashara Kariakoo, ambao kila siku wanaendesha baiskeli zao za magurudumu matatu katika barabara hizi na wanajua kimo cha kila ukingo.

Kwa wenzangu wa hospitali na vituo vya afya, tuache kuandika neno tembea peke yake. Tuandike mahali, umbali na muda: Bustani ya Mimea, benchi la kwanza hadi la pili na kurudi, mara mbili, kabla ya saa tatu asubuhi, kwa wiki mbili, kisha benchi la tatu. Mgonjwa anayejua atakwenda hadi wapi, na kwamba huko atakapofika kuna pa kukaa, hutoka nyumbani. Nimewaona wakitoka.

Mwisho, naomba kazi ianze bila kusubiri kikao kingine. Jumamosi hii, saa moja asubuhi, nitakuwa Bustani ya Mimea nikiwa na futi kamba, kitimwendo kimoja cha kuazima na daftari. Tutapima upana wa njia zilizopo, tutaandika kila mahali penye mzizi, shimo au mteremko, na tutapendekeza mahali pa kila benchi, kisha taarifa hiyo tutaikabidhi kwa Halmashauri kupitia kwa waheshimiwa madiwani walio hapa. Atakayekuja naomba asije peke yake. Aje na mzee mmoja wa nyumbani kwake, atembee naye kwa mwendo wa mzee huyo, na pale mzee atakapotaka kukaa ndipo tutakapoweka alama ya chaki.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Niko tayari kupokea maswali.